Sauti Mbili na Sikio Moja

Mama Pindo hakuwahi kuwa wa pili katika jambo lolote, na hilo alilisema mwenyewe bila haya. Alizaliwa wa kwanza, akaolewa wa kwanza, na kwenye foleni yoyote, iwe ya mkate au ya daktari, ungemkuta mbele kabisa, mikono kiunoni, utadhani foleni yenyewe ni mali yake. Jina lile alipewa na wateja. Alikuwa mshonaji, na ukimpelekea gauni ambalo pindo lake limeshonwa ovyo na mtu mwingine, hakuulizi unataka nini. Analifumua palepale mbele ya macho yako, huku akimsema huyo aliyelishona mpaka unamwonea huruma.

Mdogo wake aliitwa Nakuja. Hilo nalo lilikuwa jina la utani, na lilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza aliijua kila mtu: mwanamke yule alikuwa mchelewaji wa kutupwa. Ukimwita atakujibu "nakuja" kwa sauti tamu kabisa, nawe utakaa hapo mpaka usinzie. Ya pili waliijua watu wa nyumbani tu. Mama yao alikuwa dobi, akifua mashuka ya nyumba za wageni, na shuka pana halikunjwi na mtu mmoja. Basi aliwatungia binti zake wimbo wa kukunjia. Mkubwa anaita, "Shika pembe!" Mdogo anaitika, "Nimeshika!" "Vuta kidogo!" "Nimevuta!" "Njoo kwangu!" "Nakuja!" Hapo wanasogeleana, pembe zinakutana, wanaimba kiitikio pamoja huku wakirudi nyuma kwa mkunjo mwingine. Walivyokua wakawa wanaalikwa kuimba kwenye sherehe za watu, na hata wakiwa wamevaa vizuri mbele ya umati, mkubwa aliita na mdogo aliitika. Hakuna aliyefikiria kubadilisha.

Sasa mambo mawili yakatokea karibu pamoja. Nakuja, ambaye ni muuguzi, alihamishiwa mji wa mbali, na likizo yake ikasogezwa hadi mwisho wa mwaka. Na masikio ya mama yao, aliyekuwa akiishi kwa Mama Pindo, yakaanza kuaga. La kulia lilikuwa limeshakwenda zake. Alisikia kwalo kama mtu anavyosikia ugomvi wa jirani nyuma ya ukuta. La kushoto lilikuwa bado zuri, lakini daktari wa masikio alisema wazi kwamba nalo linafuata njia ileile, na huenda lisifike mwisho wa mwaka. Alimpa kifaa cha kuvaa. Mama akakivaa asubuhi moja, akakitia kwenye droo ya vifungo, akasema kinampigia filimbi.

Hata lile zuri lilikuwa na masharti. Lilimudu sauti moja tu kwa wakati. Wawili wakizungumza mezani, mama aliinua kijiko juu na kupaza sauti, "Mmoja mmoja jamani! Mnanifanya nisikie soko!"

Alasiri moja, akichambua vifungo vya mwanawe, mama alisema bila kuinua kichwa, "Nataka niwasikie tena mkikunja shuka. Wewe na mwenzako. Kabla hapa hapajafungwa." Akagusa sikio la kushoto, kisha akaendelea na vifungo.

Mama Pindo aliweka sindano chini. Akapiga moyo konde, akampigia mdogo wake simu papo hapo.

Kwanza walijaribu njia rahisi. Nakuja alijirekodi kwa simu akautuma wimbo, mikwaruzo tele. Mama alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Ni nani huyu anayekaanga?"

Ndipo akaitwa Fundi Simu. Huyu alikuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, akitengeneza simu na kompyuta, na katika maisha yake yote alikuwa na ndoto moja, kuwa na studio. Alikuwa amekusanya vifaa kwa miaka: maiki mbili nzuri, hedifoni kubwa za kufunika sikio zima, na kisanduku kinachopokea sauti kutoka kwenye maiki na kuipeleka kwenye kompyuta. Alichokosa ni chumba. Mama Pindo alikuwa na chumba, kile cha kushonea. Wakakubaliana kwamba fundi ataleta vyake na kushonewa suruali mbili, na maiki moja ikapakiwa kwenye basi kwenda kwa Nakuja.

"Hamna shida," alisema Fundi Simu siku ya kwanza. Alikuwa na tabia ya kusema hivyo kila palipokuwa na shida. Alisimama katikati ya chumba, akapiga kofi moja, akainamisha kichwa kusikiliza. "Umesikia? Ukuta unajibu. Ukiimba humu, utaimba na kuta zako. Tunahitaji sponji maalumu za kubandika."

"Sponji za nini, na mabaki ya vitambaa yamejaa hadi chini ya kitanda?" alisema Mama Pindo. Akatoa mablanketi ya zamani, akashonea mabaki katikati ya mawili mawili, mistari imenyooka kama ya godoro la mfalme, akayatundika kwa misumari kuta zote. Fundi akapiga kofi tena. Chumba kikanyamaza kimya. Fundi akapiga la tatu, kwa furaha tu.

Kisha ikaja vita ya kelele. Feni ilizimwa. Saa ya ukutani ilihamishiwa bafuni. Jokofu la jikoni lilikuwa linanguruma, na maiki ililinasa hata mlango ukiwa umefungwa, kwa hiyo mume wa Mama Pindo, fundi rangi mpole asiyependa ugomvi, alipewa kazi ya kulizima wakati wa kurekodi na kuliwasha baadaye. La kulizima alilikumbuka. Kesho yake nyumba nzima ilikunywa chai ya rangi.

Upande wa mtandao, Fundi Simu hakutaka masihara. Sauti haitapita hewani, alisema, maana huko hewani itakanyagana na video za majirani wote. Itapita kwenye waya. Waya ukatoka kwenye ruta ya sebuleni, ukafuata ukingo wa korido hadi chumba cha kushonea. Mama Pindo aliutazama, akamfikiria mama yake na kandambili zake, akaushonea ala ya kitambaa cheusi urefu wote na kuipigilia sakafuni ili asijikwae. Kwa Nakuja nako kulifanywa hivyo hivyo kwa maelekezo ya simu, isipokuwa yeye hakuwa na mablanketi ya kutosha. Alijifungia ndani ya kabati la nguo, katikati ya sare zake, kompyuta ya kuazima mapajani.

"Kuna joto humu," alisema. Sauti yake ilitoka kwenye hedifoni karibu kabisa, na Mama Pindo akageuka nyuma kumtafuta. Fundi Simu alicheka hadi akashika meza.

Siku ya kuimba, Mama Pindo alivaa gauni lake la sherehe ingawa hapakuwa na umati wa kumwona. Akasafisha koo. "Shika pembe!"

Kimya kidogo. "Nimeshika!"

"Vuta kidogo!"

Kimya kidogo. "Nimevuta!"

Wimbo ulianza kama watu wanaoanua nguo mvua inapokaribia. Kufika ubeti wa pili walikuwa wanatembea. Kufika wa tatu walikuwa wanajikokota, na kile kiitikio, kilichokuwa kikiinua watu vitini harusini, kilitoka kama kinaimbwa na watu wanaorudi mazikoni. Fundi Simu akasimamisha kompyuta.

"Unaona?" Mama Pindo alifoka kwenye maiki. "Hata kwenye waya unachelewa! Waya, mdogo wangu! Hakuna hata kona!"

"Dada, anayechelewa ni wewe," ilisema sauti ya kabatini. "Mimi nakungoja mpaka miguu inakufa ganzi."

"Mimi? Mimi nichelewe?"

Walirudia. Ikawa mbaya zaidi. Walirudia tena, na safari hii Nakuja akaanza kucheka katikati, jambo lililomkera dada yake kuliko kuchelewa kwenyewe. Fundi Simu aliwaacha wamalize yao, kisha akasema taratibu, "Hakuna anayechelewa. Sauti inatumia kitambo kidogo kwenda, na kitambo kidogo kurudi. Ni kidogo sana, kwenye maongezi huwezi hata kujua. Lakini kwenye wimbo kila mmoja anamsubiri mwenzake, na mwenzake anamsubiri yeye, vitambo vinarundikana. Tatizo lenu mnaheshimiana mno."

Mama Pindo alitoa macho. Alikuwa amewahi kuambiwa mengi katika maisha yake, lakini si hilo.

"Kuna dawa," fundi akaendelea. "Mmoja aongoze bila kumsikia mwenzake kabisa. Aite, aache nafasi, aite tena, basi. Mwingine amsikilize na kumfuata. Ila kompyuta inayorekodi iko hapa, na anayefuata lazima arekodiwe palepale anaposikia. Kwa hiyo wa mbali ndiye atakayeongoza, na wa hapa ataitikia."

"Sema tena."

Akasema tena.

"Basi turekodie kwake."

"Kompyuta ya watu, mama. Na yuko kabatini."

Mama Pindo alivua hedifoni, akaziweka juu ya cherehani, akatoka. Alikwenda kukaa uani na gauni lake la sherehe, na akakaa huko hadi mumewe alipomfuata na kiti.

"Umeandaa chumba kizima," alisema mume, "umeniingiza kwenye kesi ya jokofu, halafu ushindwe na kuitikia?"

"Sijui kuitikia," alisema mkewe. Na huo ulikuwa ukweli. Tangu utotoni hakuwahi kushika zile pembe za upande wa pili. Na kuna jingine ambalo hakulisema. Aliogopa kwamba mama, kwa lile sikio lake la mwisho, atamsikia binti mkubwa akiwa nyuma, na ndivyo atakavyomkumbuka. Aliona uchungu wa kweli, akafuta macho kwa ncha ya gauni. Ndani, mama alikuwa anamwambia Fundi Simu kwa sauti ya juu kwamba chai ya siku hizi haina maziwa.

Akarudi ndani. "Haya," alisema. "Mwambie aanze."

Nakuja hakuamini. "Niite mimi, dada? Nikuite wewe?"

"Ita kabla sijabadilisha mawazo!"

Mwanzo ulikuwa kichekesho kitupu. Mdogo mtu akiita "Shika pembe!" na mkubwa naye anaropoka "Shika pembe!" kwa mazoea, mtu na dada yake wanaamrishana na shuka halina mwenyewe. Mara ya pili akaitika kabla hajaitwa. Mara nyingine aliitika vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha akasahau na kumwamuru mdogo wake aje. Nakuja hakuwa anasikia lolote kati ya hayo, fundi alikuwa ameziba njia ya kurudi, kwa hiyo aliendelea kuita peke yake kabatini kwa uaminifu mkubwa.

Hapo katikati ya kukosea ndipo Mama Pindo alipolazimika kufanya jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Alinyamaza na kusikiliza. Hedifoni zilikuwa zimeyafunika masikio yote mawili, dunia imezimwa, na sauti ya mdogo wake ilikuwa humo ndani peke yake. Ilikuwa nzito kidogo kuliko alivyodhani. Ilikuwa na ukwaruzo mwishoni mwa maneno. Ilikuwa sauti ya mama yao, ileile ya enzi za mapipa ya sabuni, na kwa miaka yote hiyo yeye alikuwa ameimba juu yake. Kwanza aliona wivu. Kisha akaona aibu. Kisha furaha ikamjaa hata akakosa pa kuiweka.

"Njoo kwangu!" aliita Nakuja.

"Nakuja!" aliitika Mama Pindo, mahali pake hasa, wala si mapema wala si baadaye. Kiitikio kikawapanda wote wawili pamoja, na Fundi Simu akaanza kutikisa bega.

Kazi ilibaki moja. Fundi aliketi kwenye kompyuta na zile sauti mbili, kila moja na mstari wake. Walijaribu kuziweka zote katika sikio zuri, wakampa mama ubeti mmoja aonje. Mama akainua mkono kama mezani. "Soko," alisema.

"Basi tuzitenganishe," alisema fundi. "Moja iende kushoto, nyingine kulia. Ile ya kushoto ataisikia sawasawa. Ya kulia ataisikia kwa mbali, nyuma ya ukuta." Kidole chake kikabaki juu ya kitufe. "Nani aende kushoto?"

Mama Pindo alikuwa na uzi mwekundu mkononi. Alikuwa anafunga alama kwenye hedifoni, upande wa kushoto, mama asije akazivaa kinyume. Aliendelea kufunga fundo, polepole kuliko fundo linavyohitaji.

"Muweke yeye," alisema. "Yuko mbali."

Mama aliletwa na kuketishwa kwenye kiti cha cherehani. Mume alisimama mlangoni. Nakuja naye alikuwepo kwa spika ndogo ya kompyuta, bado kabatini, ameomba asikie hata kama ni kupumua tu. Mama Pindo akamvika mama yake hedifoni, uzi mwekundu kushoto, akampangusa nywele. Fundi akabonyeza.

Chumbani hapakusikika chochote. Wote walikuwa wanautazama uso wa mama, na uso ule ukafunguka.

"NI NAKUJA HUYU!" alipiga kelele, maana hakuwa anajisikia. "ANAITA YEYE! SIKILIZENI!"

"Mama amesema nini?" spika iliuliza. "Dada, amesema nini?"

"Amekutaja," alisema Mama Pindo, na sauti yake haikutetemeka sana.

Mama alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa kila mwito. Kisha akakunja uso. "Kuna mtu nyuma ya ukuta. Anamwitikia. Ni nani?"

Mama Pindo akajigusa kifuani.

"Wewe? Wewe ndiye unayeitikia?" Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mume naye akaambukizwa, na spika nayo ikawa inacheka bila kujua kwa nini. Mama Pindo alisimama akicheka pamoja nao. Liwe liwalo, alijiambia, amemsikia mtoto wake wa mbali, na ndicho alichokitaka.

Lakini mama alikuwa ameacha kucheka. Aliupapasa ule uzi mwekundu kwa kidole. Akazivua hedifoni, akazitazama, akazigeuza, akazivaa tena.

"Hapana, mama," Fundi Simu alianza, "umezivaa kinyume, uzi unakaa kush—"

Mume wa Mama Pindo akamkanyaga mguu.

"Rudisha mwanzo," alisema mama.

Fundi akarudisha. Safari hii mama hakupiga kelele. Alikaa amemkazia macho binti yake mkubwa, na midomo yake ilikuwa inasogea. Katika sikio zuri sasa zilimfikia zile "nimeshika" na "nimevuta" peke yake, na nafasi katikati, kwa hiyo akaanza kuzijaza mwenyewe. "Shika pembe," alisema, kwanza kwa kunong'ona. Akainuka kitini, waya wa hedifoni ukavutika, akalifikia blanketi la ukuta wa karibu na kulivuta. Misumari iliruka.

"Studio yangu!" alilia Fundi Simu.

Mama hakusikia. Alimpa binti yake pembe mbili, akabaki na mbili, akarudi nyuma mpaka blanketi likakaza, na mabaki ya vitambaa yakawa yanamwagika kwa chini, ya maua, ya mistari, ya kila harusi ya mtaa ule.

"VUTA KIDOGO!"

Mama Pindo akavuta. Macho yalikuwa yamejaa hata haoni blanketi.

"Dada!" iliita spika. "Nini kimeanguka? Mnafanya nini huko?"

"NJOO KWANGU!" alisema mama.

"Nakuja, mama," aliitika Mama Pindo, akaenda na pembe zake mbili.